Koki Uliyotufungulia

Kidawa Ismaili,
Darasa la Saba, Shule ya Msingi,
Kijiji cha Ujamaa Nakihungo,
Njia ya Njinjo, Wilaya ya Kilwa.
Septemba, 1975

Kwa Ndugu Mgeni Rasmi,
Makao Makuu ya Mkoa,
Lindi.

Ndugu Mgeni Rasmi,

YAH: KUOMBA UJE UIRUDISHE KOKI NYUMA KIDOGO

Shikamoo. Nilisimama kwanza ndipo nikaiandika salamu hii, halafu nikakaa kuendelea.

Naomba radhi kwa kukuita Mgeni Rasmi. Siku ulipotambulishwa kwetu, kipaza sauti kililia wakati wa jina lako na kikatulia wakati wa cheo, kwa hiyo cheo tunakijua na jina hatulijui. Nimeuliza watu wazima wengi. Wote wananiambia, "Yule, yule aliyefungua koki." Nimeona si adabu kuandika hivyo juu ya bahasha.

Mimi ni mtu wa haya. Mkutanoni sijawahi kunyosha mkono, hata kuomba ruhusa ya kutoka. Ndiyo maana naandika. Mwalimu wetu, Mwalimu Laurenti, anasema barua nzuri hushika jambo moja, hupanga hoja kwa namba, na haimtukani mtu. Nitajitahidi katika yote matatu, hasa la mwisho.

Najua ofisi ina mambo mengi. Barua ya shule ya kuomba chaki ilijibiwa baada ya mwalimu aliyeziomba kuhamishwa, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba ombi limepokelewa. Hatukunung'unika, tuliandikia mkaa. Lakini nasema mapema kwamba hili la koki haliwezi kwenda kwa mwendo wa chaki. Nyumba ya bibi yangu inaanguka.

Utakumbuka ilivyokuwa. Pampu ilikuwa imefungwa mtoni, mabomba yamelazwa shambani, na juu ya mabomba vimesimama vile vichwa vya chuma vinavyozunguka na kurusha maji. Mbele yako palikuwa na koki yenye gurudumu la kushika, mfano wa usukani wa lori, imevalishwa utepe. Fundi Tomaso, ambaye ndiye aliyefundishwa kuiendesha pampu, alikunong'oneza kwamba robo inatosha. Ulitabasamu, ukaizungusha mpaka ikagoma. Hapo sisi nasi tuna lawama yetu, maana kila ulipozungusha tulizidi kupiga makofi, na mtu anayepigiwa makofi hawezi kuishia robo.

Kichwa cha kwanza kikang'oka, kikapaa juu ya kina mama wa ngoma, kikatua ndani ya sufuria la pilau. Tulidhani ni sehemu ya sherehe, tukapiga vigelegele. Ulilowa pamoja nasi. Ulisema katika hotuba kwamba maji yenye nguvu ni dalili ya wananchi wenye nguvu, kisha mkaondoka na Landrova kabla pilau haijachujwa.

Tangu siku hiyo koki iko palepale ulipoiacha. Mwenyekiti wetu, Ndugu Dionis, aliifunga kitambaa cha kijani akatangaza: "Koki iliyofunguliwa na Mgeni Rasmi haifungwi na mwanakijiji. Injini ni yetu, tuwashe, tuzime. Koki ni heshima." Tomaso aliuliza kama anaweza angalau kuiendesha injini polepole. Mwenyekiti akamjibu mbele ya watu, "Tomaso, tuko kwenye kilimo cha kufa na kupona. Wewe umechagua kipi?" Tomaso akasema amechagua kupona, na injini ikaendelea kama ilivyokuwa.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mbegu. Maji yanatoka kwa nguvu hata hayamwagilii shamba, yanalichimba. Mahindi tuliyopanda kwa mistari iliyonyooka, Bwana Shamba akiwa ameshika kamba, yalifukuliwa mara moja, yakateremka na maji mpaka kiwanja cha mpira, yakatulia huko na kuota vizuri sana. Leo shamba la kijiji ni tupu, na kiwanja kina mahindi ya kufika kiunoni, na upande wa goli la kusini yamefika kifuani. Kamati imekataza yasivunwe kwa sababu hayamo katika mpango wa mwaka, na imekataza yasing'olewe kwa sababu ni chakula. Vijana wanacheza kwa kuyazunguka. Golikipa wetu haonekani kabisa, na tangu hapo hatujafungwa. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona, nami nimeiandika ili nisionekane napendelea upande mmoja.

2. Ukungu. Mwalimu Laurenti ametueleza darasani kwamba maji yakisukumwa kupita kiasi hayatoki matone, hupasuka yakawa ukungu, na ukungu haukai ulipotumwa. Upepo wa miezi hii unatoka kusini na kijiji kiko kaskazini mwa shamba. Kwa hiyo shamba lina kiu na kijiji kina mafua. Muhogo tuliouanika uwe makopa umeota manyoya. Nguo zinaanuliwa zimelowa kuliko zilivyoanikwa. Watu wamezoea kuulizana asubuhi, "Leo inanyesha wapi?" na jibu ni, "Popote, ila shambani." Wiki iliyopita mtu mmoja wa Njinjo aliyepita hapa kwa baiskeli alisimama, akatazama mbingu nyeupe zisizo na wingu, akalitazama shati lake, akageuza baiskeli akarudi alikotoka. Hatukupata nafasi ya kumweleza.

3. Dini. Msikiti na kigango viko karibu karibu, na ukungu hauchagui. Maalimu wetu amesema udhu unataka nia, na maji haya yanamjia mtu bila kumwuliza nia yake, kwa hiyo anayefika msikitini amelowa mpaka visigino bado anatakiwa atafute kata ya maji atawadhe. Katekista Klementi naye amesema kwao mtu hubatizwa mara moja tu, na hajui afanye nini na waumini wanaobatizwa kila Jumamosi wakipita kwenda mazoezi ya kwaya. Hawa wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya mbuzi wa nani alikula maua ya nani. Sasa wamekubaliana. Wanakaa pamoja chini ya mwamvuli mmoja wa katekista wakiitazama koki kwa mbali. Naomba usiandike kwamba umoja huu ni matunda ya mradi, ingawa Mwenyekiti ameshaandika.

4. Jogoo. Vile vichwa vya chuma havijaacha tabia ya kuruka. Watoto wa chekechea huvuka shamba wamejifunika sufuria, na mtu akisikia mlio kama wa kizibo hulala chini kwanza, halafu ndiyo huuliza. Mama Magdalena, jirani yetu wa pili, alikuwa na jogoo mwekundu aliyekuwa akiamsha mtaa mzima. Kichwa kimoja kilimkuta jogoo huyo akiwa juu ya jaa, akiwika. Mama Magdalena akamchukua kwa mbawa akaenda naye mpaka kwenye kikao cha kamati, akamweka mezani.

"Mwenyekiti," akasema, "nani amempiga huyu?"

Mwenyekiti akasema ni bahati mbaya.

"Bahati mbaya inatoka kwenye bomba gani? Ya kwangu nyumbani haina bomba."

Kamati ikazungumza kwa kirefu, ikaandika kwamba jogoo amejitolea kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Mama Magdalena akawauliza kama kati yao kuna mwingine anayetaka kujitolea, asimame pale juu ya jaa. Hakusimama mtu. Jogoo akaliwa na kamati, kwa kuwa alikuwa tayari mezani.

5. Mshale. Hapa ndipo niliposhindwa kuelewa, nami nikishindwa kuelewa hupata homa. Pampu ina saa yake ya kupimia presha, yenye mshale. Uso wa saa hiyo ni kijani mwanzoni na nyekundu mwishoni. Mshale wetu umelala mwisho wa nyekundu, umeegemea kile kipini kilichowekwa kuuzuia usitoke nje, na unatetemeka kama mtu aliyebeba mzigo. Mwalimu Laurenti alisimama mkutanoni akaeleza kwa adabu kwamba nyekundu maana yake ni hatari. Mwenyekiti akasema hayo ni mahesabu ya watengenezaji, ambao walipokuwa wanatengeneza hawakuijua juhudi yetu.

"Ndugu zangu," akasema, "kuna vijiji mshale haujafika hata nusu. Sisi umefika mwisho, na pangekuwa na mahali pa kwenda, ungekwenda. Jambo hili kwa lugha yetu linaitwaje?"

Watu wakaitikia, "Kuvuka lengo!"

Akamgeukia mwalimu. "Sasa wewe, Mwalimu, msomi wetu, unatuomba turudi chini ya lengo?"

Mwalimu Laurenti akakaa. Wiki hiyohiyo akateuliwa kuwafundisha wanafunzi wimbo wa kuisifu koki. Mimi naimba sauti ya pili.

Taarifa ya kuvuka lengo ilipelekwa wilayani. Haikutaja mahindi, kwa kuwa lengo lililovukwa lilikuwa la mshale. Ukaja ujumbe wa kijiji kingine kujifunza kwetu. Walikalishwa mstari wa mbele. Waliondoka wamelowa chapachapa na wamefurahi, na nasikia kwamba wao pampu hawana bado, lakini wamekwisha kupitisha azimio kwamba ikija watafungua yote.

6. Bibi. Ndugu Mgeni Rasmi, yote yaliyotangulia ni ya watu wengi, na watu wengi wakiumia pamoja hupata la kucheka. Hili ni la mtu mmoja.

Bibi yangu, Bi Sada binti Abilahi, ndiye aliyenilea. Mwaka jana, wakati wa kuhamia vijijini, tuliletwa hapa kutoka bondeni Nakapera. Alikuja na kinu, kuku wake, na mlango. Mlango ni wa mninga, aliuchonga marehemu babu kabla mimi sijazaliwa, na Bibi aliung'oa mwenyewe kwenye bawaba siku lori lilipokuja. Dereva alimwambia, "Mama, huko uendako kuna milango." Bibi akamjibu, "Ipo, lakini haijanizoea." Akaupakia.

Tulipewa kiwanja cha mwisho, ukingoni mwa shamba, tukajengewa nyumba ya fito na udongo kwa nguvu za kujitolea. Kichwa cha mwisho cha bomba kiko nyuma ya nyumba hiyo. Kila kinapozunguka kinaupiga ukuta wa nyuma kama mtu aliyemwaga ndoo, kinaondoka, kinarudi, kinaupiga tena. Udongo umekwisha, fito zimebaki kama mbavu. Nikiwa ndani nasoma, nakiona kichwa kinakuja, nafunika daftari, kinapita, nafunua. Nimejifunza historia yote ya darasa la saba kwa vipande. Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia kwenye milima yetu hii, nilivisoma nimelowa, na bado sijui vilikwishaje.

Ungemwona Bibi ungejua uzalendo ni nini. Halalamiki. Vijana walipotaka kumwekea kizuizi cha makuti aliwazuia. "Acheni, waume zangu," akawaambia, "maji ya serikali hayazuiwi na makuti." Kitanda chake alikihamishia upande wa mbele mara tu pampu ilipoanza, kabla ukuta haujapata hata ufa, jambo linaloonyesha jinsi wazee wanavyoona mbali. Ule mlango wa mninga hakuufunga kwenye nyumba hii. Mlangoni ametundika jamvi, na mlango wenyewe ameulaza jikoni juu ya magogo, anaupaka mafuta ya ufuta. Nadhani anauhurumia kwa sababu ya unyevu.

Mimi kila nitokapo shule hukanda udongo nikaziba palipoliwa. Kesho yake naukuta udongo wangu uko chini. Kuna jambo moja ambalo kitabu changu cha sayansi hakijanieleza: hata siku ya Jumapili, injini ikiwa imezimwa, udongo wangu huanguka vilevile, tena ukiwa na mikwaruzo kama ya kucha. Nadhani ni kuku, wamechanganyikiwa kwa mvua isiyo na mawingu.

Kamati ilikuja kuukagua ukuta. Ilisimama upande wa mbele, penye ukavu, ikaukagua kutoka huko, ikaamua hivi: ukuta ukianguka, itahesabiwa kwamba nyumba imebomolewa na maendeleo, na Bibi atajengewa nyingine ya matofali ya kuchoma, matofali yatakapopatikana. Mpaka hapo hakuna nyumba kijijini yenye nafasi. Kwa hiyo, kwa muda, atarudishwa kwenye nyumba yake ya zamani kule Nakapera, ambayo ndiyo pekee iliyobaki imesimama bondeni, kwa sababu lori la operesheni ya kuhamisha watu lilishindwa kuvuka kijito kwenda kuibomoa, sisi tukalifuata ng'ambo na mizigo yetu. Bibi alisomewa uamuzi huo akiwa anachambua mchicha. Hakuinua uso. Akasema neno moja tu: "Nitatii."

Nitatii! Hebu fikiria. Mama mzee arudishwe bondeni, mbali na zahanati yetu itakayojengwa, mbali na redio ya kijiji, mbali na mikutano yote, majirani zake wawe mikorosho aliyoipanda na mumewe, na kaburi la mumewe huyo lililo ubavuni mwa nyumba. Tena mikorosho yenyewe inaanza kudondosha mwezi ujao! Nani atamsaidia kuokota? Nikiliwaza hilo, machozi yananitoka, na kwa nyumba yetu ilivyo si rahisi mtu kuyaona.

7. Ombi. Basi naomba uje uirudishe koki. Kazi yenyewe ni fupi kuliko hotuba fupi. Ushike gurudumu, uligeuze kuelekea kulia mpaka mshale urudi kwenye kijani, na uondoke. Kwa upande wa heshima usiwe na wasiwasi. Nilimwuliza Mwenyekiti kwa kupitia kwa Mwalimu, naye amekubali kwamba kufunga kunaweza kuitwa uzinduzi wa awamu ya pili, na kwamba koki haitafungwa, bali itafunguliwa kuelekea upande wa pili. Wimbo tutaugeuza beti mbili. Sufuria la pilau safari hii litakuwa na mfuniko.

Ikiwa huna nafasi, nina mapendekezo mengine, nimeyapanga kuanzia jepesi. Unaweza kumtuma mtu wa cheo chako. Kama wa cheo chako wana shughuli, watume wawili wa nusu ya cheo, kila mmoja azungushe nusu. Kama nao hawapo, tunaomba Tomaso ateuliwe kuwa Mgeni Rasmi kwa mchana mmoja. Tutamvika kofia, tutamtambulisha, kipaza sauti kitalia kwenye jina lake kama kawaida, atazungusha koki, kisha atarudi kuwa Tomaso na hatutamkumbusha.

Ikiwa hilo nalo linagusa taratibu, basi kihamisheni kijiji. Katika kuhamisha vijiji sote tuna uzoefu: ninyi mnajua kuhamisha, sisi tunajua kuhama, na malori yanaijua njia. Kuchukua nyumba zote, kinu kwa kinu na kuku kwa kuku, na kuzipeleka upande wa pili wa shamba usiko na upepo, ni dhahiri kwamba ni kazi nyepesi kuliko kuligeuza gurudumu moja la chuma. Na kama mwongozo hauruhusu kijiji kimoja kuhamishwa mara mbili, hamisheni mto. Mto hauna azimio.

Lolote utakaloamua, uamue upesi. Kila mzunguko wa kile kichwa ni konzi ya udongo imeondoka. Fito mbili za pembeni zimeanza kulegea, na ile nguzo ya katikati jana niliisukuma kwa kidole ikanijibu. Nakuomba kwa heshima zote, hii isiende kwa mwendo wa chaki. Ibebwe na mtu anayekimbia, isomwe na mtu aliyesimama, ijibiwe kabla kahawa haijapoa. Bibi yangu asirudishwe Nakapera.

Msalimie mama watoto na watoto. Msalimie dereva wa Landrova, natumaini viatu vyake vilikauka. Wasalimie wote walioketi meza kuu siku ile, hasa yule mzee aliyelala wakati wa hotuba akaamshwa na maji; aliuliza swali zuri kuliko wote, aliposema, "Hii inazimwa wapi?" Wa hapa wote wanakusalimu: Mwenyekiti Dionis, Mwalimu Laurenti, Maalimu na Katekista kutoka chini ya mwamvuli wao, Tomaso, na golikipa popote alipo kati ya mahindi. Mama Magdalena amesema salamu zake atakupa mwenyewe utakapokuja.

Ni mimi ninayekuheshimu, mwimbaji wa sauti ya pili katika wimbo wa koki yako,

Kidawa Ismaili

Nyongeza:

Kwetu barua ikimtaja mtu mzima, ni adabu asomewe kabla haijakwenda. Leo mchana nimemsomea Bibi akiwa kwenye kigoda jikoni, anaupaka mlango wake mafuta. Alicheka tangu namba moja. Pale pa golikipa akaniomba nirudie. Nilipofika namba sita akaacha kucheka. Nilipomaliza akafuta mikono kwenye kanga.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kike, "nani kakutuma?"

Nikasema sikutumwa, nimeona nyumba inaanguka.

"Inaanguka, ndiyo. Na mimi naisaidia. Wewe ukitoka shule unaziba, mimi ukienda shule nabandua, hata kucha zimeniisha. Nikasema moyoni, mtoto huyu anasoma, ataelewa mwenyewe. Kumbe umesoma mpaka umepitiliza."

Akanionyesha vidole. Ndugu Mgeni Rasmi, hawakuwa kuku.

"Babu yako yuko peke yake kule," akaendelea, "majani yamemfunika, na korosho zake zikidondoka zitaokotwa na nyani. Mimi sikukataa kuhama. Nilipanda lori kama wenzangu. Nikirudi kwa miguu yangu nitaitwa mkaidi. Nikirudi kwa uamuzi wa kamati, nimetii. Umebaki ukuta kidogo, wewe unamwandikia mtu aje ayazuie maji!"

Nikamwuliza, na mimi je? Akasema nitakaa kwa Mama Magdalena mpaka nimalize mtihani, naye wameshazungumza tangu siku ya jogoo. Halafu nimfuate na kinu. Nikamwuliza mlango utabebwa na nani.

"Mlango ni wangu," akasema. "Lile lori liliuleta. Kuurudisha nitaubeba mwenyewe."

Nilitaka kuichana barua. Lakini kijiji bado kina mafua, makopa bado yana manyoya, na watoto wa chekechea bado wanavaa sufuria, kwa hiyo sijafuta hata neno. Koki bado inahitaji kurudishwa. Ila naomba uje baada ya ukuta kuanguka, si kabla. Leo nimetoka shule, nimeweka daftari, na sikuziba.

Basi yote niliyoyasema juu ya haraka naomba yasomwe kinyume. Ofisi ina sifa yake, na safari hii sisi wawili tunaitegemea. Tafadhali, barua hii iende kwa mwendo wa chaki.